Wenye Klabu Wamekaa Mzunguko

Mwaka 2016 Tanga iliaga Ligi Kuu kwa mkupuo. Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT, timu zote tatu za mkoa huo zilizokuwa kwenye ligi, zilishuka daraja katika msimu mmoja, na uwanja wa Mkwakwani ukabaki na mechi za Daraja la Kwanza peke yake. Ulikuwa msiba wenye vicheko ndani yake, kwa kuwa utani wa Coastal na African Sports ni wa mitaa na mabaraza ya kahawa, na kila upande ulipata faraja kidogo kwa kumwona mwenzake naye anafunga virago. Baada ya hapo njia ziliachana. Coastal, iliyoanzishwa 1948 na kutwaa ubingwa wa Bara 1988, ilirejea 2018, na msimu wa 2023/24 ikamaliza ya nne na kupata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. African Sports, Wana Kimanumanu, hawajarudi Ligi Kuu tangu hapo, lakini wapo, wanacheza, wanashuka na kupanda huko chini. Mgambo JKT, iliyokuwa na jeshi nyuma yake, haijarudi, na sidhani kama kuna kijiwe pale mjini kinachokosa usingizi kwa ajili yake. Historia hiyo fupi inanipa hoja ninayotaka kuitetea: klabu ya daraja la chini inaishi kwa wale wanaokwenda kuitazama kwa macho yao, hata siku ambazo mtu mwenye akili zake angebaki nyumbani. Leseni, mfadhili na basi jipya vinaongeza mwendo, ila uhai uko kwa waliokaa mzunguko, majukwaa ya tiketi rahisi.

Ili hoja hiyo ieleweke ni lazima mtu aijue siku yenyewe. Mechi ya Championship, ligi iliyokuwa ikiitwa Daraja la Kwanza kabla ya 2021, huanza saa 10 jioni kwa sababu viwanja vingi vya mikoani havina taa. Saa 8 geti liko wazi na hakuna foleni. Mistari imepigwa chokaa asubuhi na sehemu moja imepinda, nyavu zimeungwa kwa kamba ya katani, na gari la wagonjwa limeegeshwa karibu na kibendera cha kona, maana kanuni hairuhusu mpira uanze bila gari hilo kuwepo. Muuza kahawa anapita na birika lake la mkaa, vikombe vinagongana kwenye ndoo ndogo ya maji, kashata ziko kwenye sinia. Wageni wanashuka kwenye Coaster wakiwa wamebeba mabegi yao wenyewe. Mpira ukianza, unasikika. Kipa anampangia beki wake ukuta na kila aliyekaa mzunguko anasikia amemwita nani. Kocha anatukana kwa kilugha akidhani haeleweki, na juu jukwaani kuna mtu anayemtafsiria mwenzake. Refa akikosea anaambiwa papo hapo, kwa sauti moja isiyohitaji kipaza sauti, kwamba kile kibendera cha msaidizi wake amekikodi au amekinunua. Na refa anasikia, ndiyo tofauti kubwa. Kwenye uwanja wa watu elfu hamsini shabiki ni tone ndani ya kelele. Hapa ni mtu anayejulikana anakokaa na timu anayoishangilia. Mchezaji wa akiba anayepasha misuli moto pembeni anaweza kumuuliza dakika zimebaki ngapi, na akajibiwa, tena kwa kuongezewa ushauri wa namna ya kumpita beki wa kushoto.

Tuanze na ushahidi wa zamani, kwa kuwa ndio ulio wazi zaidi. Ligi yetu ya miaka ya themanini na mwanzoni mwa tisini ilijaa timu za mashirika. Reli ya Morogoro, waliojiita Kiboko ya Vigogo, walikuwa wa shirika la reli. Pamba ya Mwanza iliitwa kwa zao lililokuwa likiwalipa wachezaji wake. Ushirika ilikuwa Moshi, RTC Kagera ilikuwa ya kampuni ya biashara ya mkoa, Bandari ilikuwa Mtwara. Mchezaji aliajiriwa, akapewa nyumba na matibabu, na jioni akaenda mazoezini. Kwa ulinzi wa maisha ya mchezaji sijui kama tumewahi kupata mfumo ulio bora kuliko ule. Kisha mashirika yakabinafsishwa au yakafa, na timu nyingi zikafa nayo, kwa sababu aliyekuwa akilipa ndiye aliyekuwa klabu. Mtu anayewalaumu wabinafsishaji ana haki kwa sehemu tu. Kiwanda kinachokufa hakilazimiki kuua timu, kama ambavyo kifo cha mfanyabiashara mmoja wa Ilala hakijawahi kuiua Yanga wala Simba. Klabu hizo mbili zimefilisika mara nyingi kuliko tunavyopenda kukumbuka, na kila mara zimekuta watu mlangoni. Timu za mashirika zilipofilisika zilikuta ofisi iliyofungwa.

Hapo najua nitajibiwa kwa jina moja: Pamba. Ilikuwa timu ya zao, ikaporomoka, na bado 2024 ikapanda Ligi Kuu baada ya kukaa nje miaka 23, safari hii ikiitwa Pamba Jiji na kulelewa na Halmashauri ya Jiji la Mwanza. Kwa haraka mtu atasema ni fedha za halmashauri zilizoifufua, hivyo mfadhili ndiye uhai. Lakini tujiulize kwa nini halmashauri yenye fedha na wataalamu wa kuandika katiba haikusajili timu mpya yenye jina jipya. Iliokota jina lililokuwa limelala kwa sababu jina hilo lilikuwa bado na watu. Kizazi kizima Mwanza kilikuwa kimesimuliwa na baba zao habari za TP Lindanda, jina la utani la Pamba, na katika miaka yote ya madaraja ya chini walikuwepo waliokwenda viwanja vya Nyamagana na Kirumba kuitazama timu ambayo haikuwa na cha kuwaahidi. Zao halikurudi, waliorudi ni watu. Tukuyu Stars ni mfano ninaoukubali kwa shingo upande. Walipanda na kutwaa ubingwa wa Bara 1986 katika msimu wao wa kwanza, jambo ambalo mji mdogo wa milimani hauwezi kulisahau, kisha wakashuka na kwa miongo mingi Ligi Kuu ikawa hadithi kwao. Kumbukumbu peke yake haikutosha kuwarudisha. Hoja yangu basi haisemi kwamba mashabiki wanashinda mechi au wanapandisha timu. Inasema bila wao hakuna cha kupandisha.

Mtibwa Sugar inaleta ugumu mwingine. Ni timu ya kiwanda cha sukari, ilikuwa bingwa 1999 na 2000, ikashuka 2024 na kurejea baada ya msimu mmoja tu. Yule anayeamini katika mwajiri imara anaweza kuishika kama ushahidi wake mkuu, na sitamnyang'anya wote. Ila anayeujua uwanja wa Manungu, kule Turiani, anajua pia kwamba mashamba ya miwa yameuzunguka pande zote, na mtu aliyeketi pale ukingoni jioni ya mechi ana uwezekano mkubwa wa kuwa amekata miwa hiyo, ameisafirisha, au ana mjomba anayefanya hivyo. Kiwanda kimejengewa kijiji na kijiji kimeipata timu. Mwajiri na shabiki wamekuwa jamaa wa nyumba moja, na hilo haliigwi kwa kununua timu mnadani.

Kununua timu mnadani ndiko kunakonipeleka Mbarali. Tarehe 29 Novemba 2022 Ihefu waliifunga Yanga mabao 2-1 pale Highland Estates, Ubaruku, na kukomesha mwendo wa mechi 49 za ligi bila Yanga kupoteza. Wilaya ya wakulima wa mpunga ikajulikana nchi nzima kwa jioni moja. Mwaka uliofuata wakawafunga tena, 2-1 vilevile, pale pale. Na mwaka 2024 klabu hiyo ikahamia Singida na kuitwa Singida Black Stars. Hapakuwa na kanuni iliyovunjwa, na sina nia ya kumshitaki mtu. Wawekezaji wana haki ya kupeleka fedha zao wanakotaka, na Singida nayo ina watu wanaopenda mpira. Lakini mkulima wa Ubaruku aliyekuwa amesimama kwenye ukingo ule siku ya mabao mawili hakuulizwa. Pointi zilizompa furaha zikawa sehemu ya daftari la mji mwingine. Sheria inasema klabu iliendelea kuwepo. Kwa mtu wa Mbarali klabu ilikufa, na hata cheti cha kifo hakuonyeshwa. Mambo haya ya kubadili jina na makao yamezoeleka kwetu kiasi kwamba ratiba ya msimu mpya ikitoka inabidi mtu aulize nani alikuwa nani.

Waingereza, ambao tunaiga kwao mengi ya mpira isipokuwa yale yenye faida, walipitia jambo hilo wakalipa jibu. Mwaka 2002 tume ya chama chao cha mpira iliruhusu Wimbledon ihame kutoka kusini mwa London kwenda Milton Keynes. Mashabiki waliobaki hawakuishia kulia. Mwaka huohuo walianzisha AFC Wimbledon, wakafanya majaribio ya wachezaji kwenye uwanja wa wazi kama timu ya mtaa, wakaingia kwenye ligi ya wilaya za pembezoni ambako wapinzani wao wengi hawakuwa hata na jukwaa la maana. Katika msimu ule wa kwanza walikuwa na wastani wa watazamaji zaidi ya 3,000 kwa mechi za nyumbani, idadi ambayo ligi ile haikuwahi kuiota. Walipanda madaraja matano katika misimu tisa, wakaingia ligi ya kulipwa 2011, na Novemba 2020 wakarudi kucheza Plough Lane, mtaa wa klabu yao ya zamani. Sehemu kubwa ya klabu ni mali ya mfuko wa mashabiki wenyewe. Mtu atasema wale wana fedha, sisi hatuna. Ni kweli wana fedha zaidi. Ila kitu cha kwanza walichokuwa nacho asubuhi ile ya majaribio hakikuwa fedha, ilikuwa orodha ya watu waliokubali kwenda kutazama mpira mbovu kwa sababu ulikuwa wao.

Sasa tuje kwenye pingamizi lenye uzito kuliko yote, la hesabu. Chukua mfano wa mechi yenye watazamaji 300 waliolipa Sh 2,000 kila mmoja. Hiyo ni Sh 600,000, na kabla mhazini hajaigusa kuna kodi, kuna pango la uwanja, kuna mgao wa vyama na gharama za mchezo wenyewe. Kinachobaki hakiwezi kuipeleka timu ya Tanga hadi Songea, zaidi ya kilomita 1,000, achilia mbali kuilisha na kuilaza huko. Kwa hiyo, wanasema viongozi wengi wa klabu, shabiki wa mlangoni ni mapambo. Anayeweka timu barabarani ni mfadhili, halmashauri, au mheshimiwa fulani mwenye moyo na ndoto za uchaguzi. Hesabu hiyo naikubali tarakimu kwa tarakimu na bado nakataa hitimisho lake. Mfadhili hanunui miguu ya wachezaji, ananunua macho ya watu. Azam TV ilipoweka mkataba wa miaka 10 wa Sh bilioni 225.6 kwa ajili ya Ligi Kuu mwaka 2021, haikuwa inanunua nyasi. Ilinunua watu ambao tayari walikuwa wamejazana majukwaani na kwenye redio kwa miaka themanini. Diwani anayeinua mkono kupitisha fungu la timu ya halmashauri anafanya hivyo kwa kuwa kata yake inapiga kelele. Mbeya City ni mtoto wa halmashauri, lakini ilipopanda 2013 na kumaliza ya tatu msimu wake wa kwanza, kilichowatisha wageni pale uwanja wa Sokoine kilikuwa watu, na walioifuata ugenini kwa mabasi hawakulipiwa na fungu la jiji. Timu ikashuka 2023, ikarudi 2025. Fungu linaweza kukatwa kwa kikao kimoja cha baraza. Watu hawakatwi kirahisi namna hiyo.

Zaidi ya hapo, tiketi ni sehemu ndogo ya anachotoa shabiki wa madaraja ya chini. Kuna mama anayepika kambini kwa mkopo hadi mgao utoke. Kuna mwenye gereji anayetengeneza basi na kuandika deni kwenye daftari asilolifungua. Kuna mwenye nyumba anayempangisha winga kutoka Kigoma na kumsamehe miezi miwili kwa sababu winga huyo alifunga kwenye mechi ya watani. Hakuna mahesabu ya klabu yanayoonyesha vitu hivyo, na ndiyo maana viongozi wanaovisoma vitabu vyao wenyewe wanadhani wanaishi kwa fadhila za mtu mmoja.

Pingamizi linalofuata ni la ubora. Kijana wa leo, inasemwa, anaiona Ligi Kuu ya Uingereza kibanda umiza kwa Sh 500 au 1,000. Kwa nini akalipe zaidi ya hapo kutazama krosi zinazoishia nyuma ya goli? Jibu liko Dar es Salaam, kwenye viwanja vya vumbi. Mashindano ya Ndondo yamejaza watu Kinesi na Bandari mpaka wengine wakapanda ukutani na juu ya paa, uwanja ukiwa na kokoto na mpira ukidunda unakotaka wenyewe. Kama ubora ndio ungekuwa sababu, pale pasingekuwa na mtu. Wanakuja kwa sababu anayecheza ni kijana wa mtaa wao, anadaiwa dukani, jana alikuwa kijiweni, na wapinzani ni wa mtaa wa pili ambao kesho watakutana nao kwenye daladala. Ndondo ina kile ambacho ligi zetu za chini zimekipoteza kila zilipojaza vikosi kwa wachezaji wa mkopo wasiojua hata soko la mji liko wapi. Kosa tunalifanya tunapoidhani Championship ni Ligi Kuu iliyopungua ubora, tukataka kuitengeneza kwa kuipunguzia upungufu. Mimi naiona ni Ndondo iliyopewa ratiba na safari, na watu watairudia kwa sababu zilezile.

Kuhusu muda, hoja ya kibanda umiza ni dhaifu hata kwa saa ya ukutani. Mechi nyingi za Uingereza za Jumamosi huanza saa 9 alasiri kwao, ambayo kwetu ni saa 11 jioni wakati wa kiangazi chao na saa 12 wakati wa baridi. Kuanzia mwisho wa Oktoba hadi Machi, yaani sehemu kubwa ya msimu, mtu anaweza kutazama dakika zote 90 za saa 10 Mkwakwani, akanunua muhogo wa kukaanga njiani, na kufika kibandani kabla kipenga cha London hakijalia. Na kuna kichekesho hapa. Uingereza kwenyewe ni marufuku kurusha moja kwa moja mechi yoyote kati ya saa 8:45 mchana na saa 11:15 jioni siku ya Jumamosi. Kanuni hiyo ilianza miaka ya sitini, ikipiganiwa na Bob Lord, mwenyekiti wa Burnley, kwa hofu kwamba televisheni itawaondoa watu kwenye viwanja vya timu ndogo. Shabiki wa Burnley haruhusiwi kuona nyumbani mechi ambayo kijana wa Ngamiani, Tanga, anaiona kwa Sh 1,000. Wenye mpira wao wamewalindia wadogo zao geti, na mpira huohuo wameutuma kwetu bila ulinzi wowote.

Shabiki wa uwanjani ana kazi nyingine ambayo haiandikwi kwenye kanuni: yeye ni shahidi. Februari 2016, katika siku ya mwisho ya kundi C la Daraja la Kwanza, Geita Gold waliifunga JKT Kanembwa mabao 8-0 na Polisi Tabora wakaifunga JKT Oljoro 7-0, kila mmoja akisaka uwiano wa mabao wa kumpandisha. TFF ilichunguza, ikaadhibu kwa kushusha madaraja na kufungia viongozi, na nafasi ya kupanda ikaenda kwa Mbao ya Mwanza, ambayo mwaka 2017 iliifunga Yanga nusu fainali ya Kombe la FA na kwenda Dodoma kupambana na Simba hadi muda wa nyongeza kabla ya kulala 2-1. Ninachokitoa kwenye sakata lile ni hiki. Mechi hupangwa kirahisi pale ambapo wenye timu wanaamini hakuna anayejali. Kamishna wa mchezo ni mmoja, anaandika ripoti moja. Jukwaa lenye watu wanaomjua beki wao tangu alipokuwa anacheza peku linajua dakika ya kumi kwamba leo anakimbia kinyume. Haliwezi kuzuia, hilo nakiri, na kelele zake si ushahidi mahakamani, lakini mchezaji anayejua kwamba kesho asubuhi atakutana na jukwaa hilo sokoni ana sababu moja zaidi ya kukataa bahasha. Vilevile, adhabu ikishuka, viongozi hufungiwa na kuhamia biashara nyingine. Anayebaki na timu iliyoshushwa ni yuleyule wa mzunguko, ambaye bahasha haikumfikia.

Wapo watakaosema nimempamba mno. Shabiki huyohuyo ndiye anayemrushia refa chupa ya maji, ndiye anayemwaga vitu visivyoeleweka golini usiku wa kuamkia mechi, ndiye anayeishauri timu iruke ukuta badala ya kupita geti rasmi, hadi klabu inapigwa faini. Yote kweli, ingawa kwenye hilo la mageti na vyumba vya kubadilishia nguo hata vigogo wa Kariakoo, Simba na Yanga, wamelipa faini zao, kwa hiyo tusiwabebeshe wa chini peke yao. Chupa inayorushwa lazima iadhibiwe, na aliyerusha afungiwe kwa jina lake. Lakini angalia jinsi tunavyoadhibu: tunafunga uwanja mzima, au tunaihamishia timu mkoa jirani, na wale 290 waliokaa wakila karanga wanaadhibiwa kwa ajili ya kumi. Kwenye uwanja ambao kila mtu anajulikana anakokaa, kumpata mrushaji si kazi ya upelelezi. Tunashindwa kwa sababu hatujawahi kumwona shabiki kama mtu mmoja mmoja mwenye jina.

Viwanja navyo vina lao. Mkwakwani, Sokoine, Kirumba na vingine vingi vilijengwa kwa nguvu za wananchi enzi za chama kimoja na vikabaki mikononi mwa CCM. Klabu inakodi nyumba ambayo babu za mashabiki wake waliichangia, haiwezi kuweka paa, haiwezi kuuza matangazo ya ukutani bila ruhusa, na Bodi ya Ligi ikiufungia uwanja kwa ubovu wa sehemu ya kuchezea, klabu ndiyo inayohama. Juni 2023 Mkwakwani ilijaa kwa fainali ya Yanga na Azam ya Kombe la FA, na miezi miwili baadaye kwa Ngao ya Jamii ya Simba na Yanga. Siku hizo mji ulipata wageni na wenye nyumba za kulala wakapandisha bei. Halafu vigogo wakaondoka, na jukwaa likarudi kwa Wana Kimanumanu na Jumamosi zao za kawaida. Hapa ndipo African Sports inaponibana, maana ina watu na bado iko chini. Sina namna ya kulikwepa hilo isipokuwa kusema tena kwamba watu wanaipa klabu muda, hawaipi pointi. Muda huo unatumiwaje ni kazi ya viongozi.

Na wautumie kwa mambo madogo. Tiketi iuzwe geti moja lililo wazi, kwa kijitabu chenye namba, na kishina kibaki. Orodha ya wachezaji ibandikwe ukutani nusu saa kabla ya mechi ili mzee aliyekuja na mjukuu amtajie mtoto nani ni nani. Wanafunzi waingie bure wakiwa na sare zao. Klabu ikitaka kuuzwa au kuhamishwa, kanuni idai kura ya wanachama wenye vishina vya msimu, na iwe kura ya kweli badala ya mkutano wa dharura kwenye ukumbi wa hoteli. Na Jumatatu asubuhi karatasi moja ibandikwe mlangoni pa ofisi ya klabu: walioingia wangapi, zilipatikana shilingi ngapi, zilikatwa ngapi na nani, zilibaki ngapi, zimefanya nini. Viongozi wataikataa karatasi hiyo. Watasema itawaaibisha mbele ya wafadhili, kwa kuwa itaonyesha kwamba mechi fulani iliingiza watu 140. Mfadhili anajua tayari, ana wasimamizi wake mlangoni. Asiyejua ni mmoja kati ya hao 140, ambaye kila mwisho wa msimu anaambiwa timu haina fedha, na hajawahi kuonyeshwa hata mara moja zile alizotoa yeye zilikwenda wapi.